Mchanga Mweusi Huu Watoka Wapi?

Kila mvua kubwa inapokwisha kunyesha huko Munigi, kaskazini ya mji wa Goma, katika nyufa na mashimo ya mawe hubaki tabaka jembamba la mchanga. Ni mchanga mweusi, tena hung'aa jua likiupiga. Mtoto akiuchota mkononi, mara humwuliza mzazi wake: "Baba, hii siyo koltani?"

Swali hilo si la kuchekwa. Katika nchi ya Kivu mchanga mweusi umewatajirisha watu wachache, umewalisha wengi, na wengi umewatia kaburini. Kwa hiyo yafaa baba awe na jibu la kweli, wala si la kubahatisha. Na jibu lenyewe ni hili: mchanga wa Munigi si koltani. Lakini mtoto mwenye akili hatanyamaza, atauliza tena, "Umejuaje?" Basi, wasomaji wapenzi, leo tutazame jinsi wataalamu wa elimu ya mawe wanavyoweza kuiuliza chembe ndogo ya mchanga, "Kwenu ni wapi?", nayo chembe ikajibu.

Mchanga mzito na mchanga mwepesi

Mchanga wote ni watoto wa mawe. Jua, mvua na mizizi ya miti hulivunja jiwe kidogo kidogo. Mvua huzikokota chembe zake hadi kijitoni, kijito huzipeleka mtoni, na mto huzishusha ziwani au baharini. Chembe zilizo nyingi ni nyepesi. Ile nyeupe, ngumu, ing'aayo kama kioo, iitwayo kwatzi, uzito wake ni mara 2.65 ya uzito wa maji. Maana yake, ukijaza debe maji yenye uzito wa kilo 20, donge zima la kwatzi lenye ukubwa wa debe hilo lingekuwa na kilo 53.

Lakini katika kila mto zimo chembe chache zilizo nzito zaidi. Wataalamu huziita nzito zile zinazopita mara 2.9 ya uzito wa maji. Ganeti, lile jiwe jekundu, hufika mara 3.5 hata 4.3. Zirkoni ni mara 4.7, na magnetiti, ambayo ni jiwe la chuma, ni mara 5.2. Kasiteriti, jiwe litoalo bati, ni karibu mara 7. Koltani huwa kati ya mara 5 na 8, kwa kadiri tantali iliyomo ilivyo nyingi. Na dhahabu safi hupita zote hizo kwa kufika mara 19.3.

Mchimbaji aliyeko kijitoni aijua sheria hii bila kusoma kitabu. Hutia mchanga katika karai, huongeza maji, kisha hulizungusha polepole. Maji huondoka na chembe nyepesi, na chini hubaki mstari mweusi wa chembe nzito. Mto nao hufanya vivyo hivyo. Pale unapopunguza mwendo, yaani nyuma ya jiwe kubwa, kwenye kona ya ndani, au mahali bonde linapopanuka, huangusha kwanza mzigo wake mzito. Ndiyo sababu wachimbaji hawachimbi popote, bali huchagua mahali.

Mtaalamu akiwa katika chumba chake cha uchunguzi hutumia njia nyingine. Humimina mchanga katika maji ya dawa yaliyo mazito mno, hata kwatzi huelea juu kama kipande cha ubao. Chembe nzito tu ndizo zizamazo. Zamani dawa hiyo ilikuwa bromofomu, ambayo ni sumu; siku hizi wengi hutumia maji yaliyoyeyushwa ndani yake chumvi za tungsteni. Zile zilizozama huzihesabu moja moja chini ya darubini ya kukuzia vitu vidogo.

Maswali matatu kwa chembe moja

Kama vile mzee wa baraza anavyomhoji mgeni, mtaalamu huihoji chembe kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: wewe ni wa kabila gani la mawe? Ganeti nyingi hutoka katika mawe yaliyopikwa kwa joto na kukandamizwa chini sana ya ardhi. Kasiteriti hutoka penye mawe ya itale, pamoja na ile mishipa myeupe yenye ulanga mkubwa iitwayo pegmatiti. Piroksini na olivini, zenye rangi ya kijani au nyeusi, mara nyingi hutoka katika mawe ya volkano.

Swali la pili: umesafiri kiasi gani? Chembe iliyo karibu na kwao bado ina pembe na ncha kali. Iliyosafiri mbali imeviringika, kwa kugongana na wenzake njiani. Dhahabu, kwa kuwa ni laini, hupondwa ikawa kama kijani chembamba. Kasiteriti ni nzito, tena huvunjika upesi. Basi kwa kawaida haiendi mbali na mwamba wake, bali kilomita chache tu. Mtu akiikuta kwa wingi kijitoni, ajue kwamba mlima wenyewe uko karibu.

Swali la tatu: umekuja pamoja na nani? Chembe moja yaweza kudanganya, ila ukoo mzima haudanganyi. Kasiteriti ikifuatana na koltani, turmalini na ulanga, ni dhahiri kwamba huko juu ipo pegmatiti. Magnetiti ikifuatana na piroksini na olivini, pasipo kwatzi hata kidogo, basi mama yao ni volkano.

Hapo tena neno moja la hadhari. Si kila chembe yavumilia safari sawasawa. Olivini huoza upesi katika joto na unyevu wa nchi zetu. Zirkoni, turmalini na rutili hudumu mno, hata huweza kutoka katika mwamba wa kwanza, zikawa mchanga, mchanga ukagandamana ukawa jiwe tena, na jiwe hilo likavunjika mara ya pili. Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu hahesabu tu chembe anazoziona; hujiuliza pia ni zipi zilizokufa njiani.

Kupanda mto hadi penye asili

Maswali hayo yakijibiwa, kazi iliyobaki ni ya miguu. Mtafutaji huanza chini, huosha mchanga, huhesabu chembe, kisha hupanda. Afikapo penye maungano ya vijito viwili huosha katika vyote viwili. Kijito kisicho na chembe hukiacha. Chenye nazo hukifuata. Siku itakuja atakapoosha asiione chembe hata moja. Hapo hujua ameipita asili yake. Hurudi nyuma kidogo, huuacha mto, na kuanza kuchimba vishimo vidogo vidogo kwenye mteremko hadi auone mwamba.

Hivyo ndivyo mali nyingi za Kongo zilivyojulikana. Mwaka 1903 watafutaji wawili waliotoka Australia, Hannan na O'Brien, waliona dhahabu katika mchanga wa vijito vya Kilo, huko Ituri. Kwa miaka mingi watu walichimba mchanga wa mabondeni tu, kisha wakaifuata mishipa yenyewe ndani ya mwamba. Mgodi mkubwa wa Kibali, katika nchi ya Watsa, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013, yaani miaka 110 baada ya zile chembe za kwanza za Kilo.

Mto Nile nao umehojiwa hivyo hivyo. Katika mchanga na tope la Misri wataalamu walikuta piroksini nyingi mno. Nayo piroksini hiyo kwao ni Ethiopia, katika milima ya mawe ya volkano, ambako Nile ya Bluu na mto Atbara huichukua. Nile Nyeupe hupita katika maziwa makubwa na mabwawa ya Sudani ya Kusini, na humo huuacha mzigo wake mwingi. Hata mto Rutshuru wa hapa kwetu, ambao maji yake mwishowe huingia Nile, huulaza mchanga wake katika ziwa Edward. Maji yetu yafika Misri. Mchanga wetu haufiki.

Ukoo wa mchanga wa Munigi

Sasa turudi Munigi. Nchi hiyo haina mto. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini maji huzama mara moja katika nyufa za lava, yaani yale mawe yaliyomwagika yakiwa uji wa moto kisha yakaganda. Wenyeji wayajua mawe hayo kuliko kitabu chochote. Tarehe 10 Januari 1977 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni na uji wa moto ukashuka kwa kasi ya kutisha. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka hata karibu na Munigi penyewe, na lava ikapita katikati ya Goma mpaka ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama karibu na mji.

Lava ya Nyiragongo ni ya namna ya pekee duniani. Ina upungufu mkubwa wa silika, na silika ndiyo itengenezayo kwatzi. Kwa hiyo ndani yake kwatzi haizaliwi. Humo mna meliliti, nefelini, piroksini, olivini na magnetiti yenye titani. Zipo pia namna za mawe ambazo zilijulikana kwa mara ya kwanza hapo hapo. Mwaka 1957 mtaalamu Sahama wa Helsinki, katika nchi ya Finland, pamoja na mwenzake, walieleza mawe matatu mapya waliyoyaona katika mlima Shaheru, ulio ubavuni mwa Nyiragongo: gotzeniti, kombeiti na kirshteiniti. Jina la kwanza ni kwa ukumbusho wa Graf von Götzen, Mjerumani aliyeupanda Nyiragongo mwaka 1894. Vijana wa Munigi wakumbuke basi kwamba mawe wanayoyakanyaga wakienda shuleni yametajwa katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima.

Basi ule mchanga mweusi ubakiao baada ya mvua ni nini? Zaidi ni magnetiti na piroksini, watoto wa lava. Ni mzito, ndiyo, lakini si mali ya kuuza.

Na koltani je? Koltani ya Rubaya, katika Masisi, imo ndani ya pegmatiti, iliyoingia katika mawe ya kale yaitwayo mawe ya Kibara. Itale na pegmatiti hizo ziliganda yapata miaka milioni 1,000 iliyopita. Lava ya Munigi iliyomwagika mwaka 2002 ni changa kuliko wazazi wengi wanaosoma gazeti hili. Tena hakuna mto utokao Rubaya ukapanda hadi Munigi. Mto hushuka, haupandi. Kwa hiyo ukikuta koltani Munigi, ujue haikuletwa na maji. Imeletwa na mkono wa mtu, ndani ya gunia.

Saa iliyofichwa ndani ya chembe

Hapo ndipo elimu hii inapoacha kuwa mchezo wa wanafunzi ikawa jambo la uhai na mauti. Maana gunia halina maungano ya vijito. Likisha kufungwa na kupakiwa, nani atajua limetoka mlima gani?

Chembe yenyewe yajua. Ndani ya zirkoni, na ndani ya koltani pia, mna urani kidogo. Urani haikai ilivyo. Polepole hugeuka kuwa risasi, tena kwa mwendo usiobadilika kamwe. Ile iliyo nyingi zaidi, nusu yake hugeuka katika muda wa miaka milioni 4,470. Mtaalamu akipima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, apata kujua chembe iliganda lini. Ni kama saa iliyofungwa ndani ya jiwe tangu siku jiwe lilipozaliwa.

Na umri hutenganisha nchi na nchi. Koltani iliyo nyingi ya Kivu, Rwanda na Burundi ina umri wa miaka milioni 900 hata 1,000. Ile ya Msumbiji haifiki milioni 600. Ile ya Ghana yapita milioni 2,000. Ofisi ya serikali ya Ujerumani iliyo Hannover, ijulikanayo kwa herufi BGR, ilianza mwaka 2006 kutengeneza njia ya kuitambua koltani kwa umri wake na kwa kadiri ya vitu vingine vilivyochanganyika nayo, kama vile alama za vidole zinavyomtambulisha mtu.

Lakini ukweli usemwe wote. Umri peke yake hautoshi kuitenga koltani ya Masisi na ile ya Rwanda. Mpaka uliwekwa na wanadamu. Mwamba ulikuwapo kabla yao, nao wapita chini ya pande zote mbili bila kuuliza. Ili kutenga mgodi na mgodi, lazima mtaalamu awe na mfano wa chembe zilizochukuliwa katika kila mgodi, azilinganishe kwa makumi na kwa mamia. Tena wafanya biashara wakichanganya mizigo ya migodi mitano katika pipa moja, kazi huwa ngumu sana. Ndiyo sababu wengine huweka magunia vibandiko vyenye namba tangu pale mgodini. Ila kibandiko chaweza kuuzwa au kuibwa. Chembe haiwezi kuuza umri wake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nayo saa ya urani huifupisha zaidi.

Kwa nini mambo haya yazihusu nyumba zetu

Tantali itokayo katika koltani hutumika ndani ya simu, mashine za hesabu na ndege. Kwa muda mrefu wanunuzi wa mbali hawakuuliza imetoka kwa nani. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyataka makampuni yaeleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao yametoka Kongo au nchi jirani, na kwa njia gani. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga sheria yao mwaka 2017, nayo ikaanza kuwabana waagizaji wa madini tarehe 1 Januari 2021.

Sheria ni karatasi, na vita havisomi karatasi. Mwisho wa Aprili 2024 Rubaya ilitekwa na wapiganaji wa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika taarifa yao ya Desemba 2024, walisema kwamba kiasi kisichopungua tani 150 za koltani kilipitishwa kwa hila hadi Rwanda na kuchanganywa na koltani ya huko. Serikali ya Rwanda imekana kujihusisha na biashara ya namna hiyo. Neno la nani ni la kweli, magazeti hubishana, chembe hazibishani. Zikipimwa kwa uaminifu, na mifano ya migodi yote ikiwa wazi kwa wote, zaweza kushuhudia mbele ya hakimu yeyote.

Wa kutazamwa si wanajeshi peke yao, wala si wauzaji wakubwa tu. Yupo pia yule baba achimbaye kwa nyundo na sururu ili alipe karo ya watoto. Mzigo wake ukichanganywa na mzigo wa bunduki, mnunuzi mwaminifu huikimbia koltani yote, na maskini hukosa bei. Kuijua asili ya madini, basi, ni kumlinda mtu wa haki asihesabiwe pamoja na mwizi.

Mashauri machache kwa wazazi na wanafunzi

Mtu akija na chupa ya mchanga mweusi akataka fedha zako, au akataka uuze shamba kwa kuwa "lina koltani", fanya hivi. Funga sumaku katika karatasi uipitishe juu ya mchanga. Magnetiti itaruka na kushika mara moja. Kasiteriti haishiki, na koltani haivutwi sawasawa na sumaku ya kawaida. Kisha tazama yaliyobaki. Ikiwa humo hamna kwatzi wala ulanga, nawe uko juu ya lava, usitoe hata senti. Na hata ikiwa mna kwatzi, usiamini jicho peke yake, mpelekee mtaalamu.

Koltani ya kweli nayo usiihifadhi chumbani wanapolala watoto, kwa sababu ile urani iliyomo hutoa miali isiyoonekana, nayo haifai mwilini siku nyingi. Wala vijana wasiingie katika mashimo ya mlimani yasiyo na nguzo, hasa wakati wa masika, kwa maana udongo ulioloa hauna huruma.

Na ninyi wanafunzi, leteni shuleni mchanga wa mahali mbalimbali: wa Munigi, wa ufukoni mwa ziwa Kivu, wa kijito cha Masisi kwa ndugu zenu. Uosheni, uhesabuni, andikeni mliyoyaona. Karai, maji, sumaku na kioo cha kukuzia vyatosha kwa kuanza. Nchi yenye madini mengi yahitaji watoto wake wenyewe waweze kuyapima, ili siku mgeni atakaposema, "Gunia hili halikutoka kwenu," awepo kijana wa Kivu wa kulifungua, kuchota kiganja kimoja, na kumwonyesha limetoka wapi.